Usinunue utando mpya kabla hujapima: jibu kwa mfugaji wa diskasi wa Bamburi

Swali: Shikamoo, Mzee. Niko Bamburi, Mombasa, na nina tangi la samaki la lita 240 lenye diskasi sita. Maji yetu ni ya kisima cha hapa nyumbani, yana chumvi. Mara moja moja maji ya mfereji yakija, huingia kwenye tangi lile lile la juu ya paa. Nilinunua mashine ya RO, ya kuondoa chumvi kwenye maji, ya galoni 75 kwa siku. Ina pampu, chujio la tope, chujio la mkaa, utando unaozuia chumvi, na mwisho chupa ya resini ya kuondoa chumvi iliyobaki. Sasa ina miezi 14. Ilipokuwa mpya kisima kilipima TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) 1,150 na maji ya utando 31. Siku hizi nikipima asubuhi napata 140. Mtungi wa lita 20 uliokuwa ukijaa kwa saa mbili sasa unachukua saa tano, na resini iliyokuwa ikidumu miezi mitatu haimalizi mwezi. Maji ya kutupwa yalikuwa mara tatu ya maji safi, nikaona ni hasara, nikaweka valvu ndogo kwenye mrija wake na kuibana mpaka yakatoka sawa kwa sawa. Aliyeniuzia anasema utando umekufa, ninunue mwingine. Samaki nawabadilishia thuluthi ya maji kila wiki kwa maji ya resini matupu, lakini wawili wameanza kuwa weusi na kujibanza pembeni. Nibadilishe nini, na kila baada ya muda gani?

Marahaba, mwanangu. Mashine inaweza kungoja hadi kesho. Samaki hawawezi, kwa hiyo nianze nao.

Umesema unawapa maji ya resini matupu. Hapo ndipo jicho langu lilipotua kabla sijafika kwenye habari za utando. Maji yaliyopita kwenye utando na resini yamevuliwa kila kitu, pamoja na ile kaboneti tunayoipima kama KH, na KH ndiyo inayoishikilia pH, kipimo cha uasidi wa maji, isiporomoke. Bakteria walio ndani ya chujio la tangi lako wanapogeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, huzalisha asidi mchana na usiku. Katika maji ya kawaida asidi hiyo inamezwa na kaboneti. Katika maji yako hakuna wa kuimeza, basi pH inashuka tu: 7, 6 na nusu, 6, na bado inaendelea. Chini ya 6 bakteria wenyewe huzubaa na amonia huanza kulimbikizana. Diskasi anayekuwa mweusi na kujibanza anaweza kuwa na maradhi mengine, lakini kwa maelezo yako mimi ningepima pH, KH na amonia jioni hii hii kabla ya kugusa dawa yoyote.

Ukikuta pH imeshuka sana, usiwe na haraka ya kuipandisha. Amonia iliyomo kwenye maji ya pH ya chini karibu yote iko katika umbo la amoniamu, ambalo haliwaumizi samaki sana. Ukimwaga magadi au ndoo nzima ya maji ya kisima, pH ikaruka hadi karibu na 8 ndani ya dakika chache, amoniamu ile ile inageuka kuwa amonia yenye sumu. Nimewaona samaki waliovumilia maji mabaya kwa wiki nzima wakafa usiku mmoja kwa sababu mwenyewe alikuja kuwaokoa kwa pupa. Badilisha lita 20 kwa siku, kwa siku kadhaa, ukipima kila siku, mpaka pH itulie na amonia iishe.

Lita 20 zenyewe ziwe mchanganyiko: lita 18 za maji ya RO na lita 2 za kisima chako. Kisima cha Bamburi kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yana kaboneti ya kutosha kurudisha KH. Kwa hali ya sasa ya utando wako, ukiyaacha maji ya kwanza ya asubuhi, utapata TDS kama 200. Utando ukipona na kutoa maji ya 40, mchanganyiko huo huo utakupa 150. Diskasi wa siku hizi wamezaliwa ndani ya matangi, si ndani ya Mto Amazon, na namba zote mbili wanaishi nazo vizuri alimradi zisiyumbe kila wiki. Ila kabla ya hapo pima naitreti ya kisima. Mitaa yetu imejaa vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu, na mwamba wa matumbawe una nyufa zinazopitisha kila kitu. Ikiwa kisima kina naitreti nyingi, achana na hizo lita 2, tumia chumvi za madini zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki. Na siku ambayo tangi la paa limeingia maji ya mfereji, hizo lita 2 zitie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Umeona tunakoelekea: resini huihitaji. Resini ni ya mtu anayefuga matumbawe na samaki wa baharini, ambaye anataka maji ya sifuri kabisa ili aanze kuyatia chumvi yake mwenyewe. Wewe unalipa pesa kuondoa 31 za mwisho, kisha unahitaji kurudisha 150. Ivue chupa hiyo leo. Pesa za resini za mwezi mmoja zitanunua vichujio vya tope na mkaa, ambavyo ndivyo unavyovihitaji kweli.

Sasa tuje kwenye utando. Aliyekuuzia ameiangalia namba moja, 140, akaukatia hukumu. Mimi sijauona utando wako, lakini hesabu zako mwenyewe zinautetea, na nataka uzielewe kwa sababu zitakusaidia miaka yote utakayokuwa na mashine hii.

Wengi hudhani utando ni ungo wenye matundu madogo mno: ukichakaa matundu yanapanuka na chumvi inapita. Sivyo unavyofanya kazi. Maji hupenya kwenye ngozi ya utando kwa sababu presha inayasukuma. Chumvi hupenya kwa sababu nyingine: upande mmoja iko nyingi, upande wa pili chache, basi kiasi kidogo kinavuja daima, presha iwepo isiwepo. Ukipunguza presha, maji safi yanapungua, lakini chumvi inayovuja ni karibu ile ile. Ni kijiko kile kile cha sukari: kwenye kikombe kikubwa cha chai huisikii sana, kwenye kikombe cha kahawa inakuwa shira.

Angalia namba zako. Mtungi wa saa mbili sasa ni wa saa tano, maana yake maji safi yamepungua mara mbili na nusu. Chumvi ile ile iliyokuwa ikikupa 31, ikiingia kwenye maji machache kiasi hicho, inakupa kama 78. Bado utando haujafanya kosa lolote.

Kisha ile valvu yako. Chumvi ya kisima karibu yote inabaki upande wa maji ya kutupwa. Maji ya kutupwa yakiwa mara tatu ya maji safi, chumvi ya lita nne inabebwa na lita tatu, kwa hiyo yanatoka na TDS ya takriban 1,530. Ulipoyabana yakawa sawa kwa sawa, chumvi ya lita mbili ikabebwa na lita moja: 2,300. Huo ndio mchuzi uliokuwa ukiogeshea utando wako. Ukichukua wastani tangu maji yanapoingia hadi yanapotoka, utando sasa unakabiliwa na chumvi zaidi ya awali kwa kama asilimia 30, na inayovuja inaongezeka kwa kiasi hicho. Zile 78 zinakuwa 100 hivi. Na resini yako inashuhudia: maji ya 31 yaliimaliza kwa wiki 13, maji ya 100 yangeimaliza kwa wiki nne. Wewe mwenyewe umesema haimalizi mwezi.

Zilizobaki, kutoka 100 hadi 140, nyingi yazo ni maji ya asubuhi. Mashine ikilala usiku kucha, maji safi yaliyo ndani ya utando yanakaa ukuta kwa ukuta na maji ya chumvi, na chumvi inaendelea kuvuja bila maji mapya ya kuipunguza. Ukifungua, kikombe cha kwanza ndicho kibaya kuliko vyote. Usipime maji hayo, na usiwape samaki. Iache mashine iende nusu saa, suuza kipimo kwa maji unayotaka kupima, ndipo usome. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi mashine inayowaka na kuzima kila saa kwa boya ili kujazia lita moja moja: kila ikiwaka inaanza na maji mabaya. Tengeneza lita zako 60 au 80 kwa mara moja, mara moja kwa wiki.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini maji yamepungua. Hapo unahitaji geji ya presha, ile ndogo ya duara, ifungwe baada ya pampu na vichujio vya mwanzo, kabla ya utando. Kama mashine yako haikuja nayo, nunua. Kufuga RO bila geji ni kuendesha gari lisilo na mshale wa mafuta. Utando wa galoni 75 hupimwa kiwandani kwa presha ya psi 60 hivi na maji ya nyuzi 25. Tangi la paa peke yake halikupi kitu: kila mita moja ya urefu ni psi 1.4, kwa hiyo tangi la mita sita juu linakupa psi 8 na kidogo. Na maji yenye TDS 1,150 yanahitaji psi 11 au 12 ya kuishinda chumvi yenyewe kabla tone la kwanza halijapita. Bila pampu usingepata hata kikombe. Pampu ndiyo moyo wa mashine yako, na mara nyingi ndiyo mtu wa mwisho kushukiwa.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu. Kwanza fungua kopo la chujio la tope. Likiwa jipya ni jeupe kama pamba. Kwa kisima chako, baada ya miezi mitatu utalikuta na rangi ya chai ya maziwa, linateleza kidoleni, na ukilikamua linatoa unga mlaini wa matumbawe. Kama hujawahi kulibadilisha tangu ununue, na swali lako linanifanya niogope hivyo, basi mashine imekuwa ikipumua kupitia shuka lililolowa. Badilisha la tope na la mkaa yote mawili. La mkaa jipya lisukumie maji lita kadhaa na kuyamwaga, utando ukiwa umetolewa, mpaka vumbi jeusi liishe, vinginevyo vumbi lote hilo litakwenda kukaa kwenye utando.

Ukifungua kopo ni wakati wa kulisafisha. Lioshe kwa maji yenye jiki kidogo, lisuuze mpaka harufu iishe kabisa, kisha litazame lile pete la mpira linaloziba shingo ya kopo, mafundi tunaliita oringi. Pitisha kidole kulizunguka lote. Likiwa na mchubuko au limekuwa bapa, libadilishe. Lipake grisi ya silikoni inayotumika kwenye vyombo vya maji, upakaji mwembamba tu. Usipake mafuta ya mgando ya kujipaka: aina nyingi za mpira huvimba kwa mafuta ya petroli, na utaamka usiku kukuta jikoni kumefurika. Kopo likaze kwa mkono. Ukilikaza kwa ufunguo kwa nguvu zako zote, plastiki itapasuka siku ambayo haupo nyumbani.

Pili, fungua kabisa ile valvu yako ya kubana maji ya kutupwa. Ivue kabisa, ubaki na kibanio cha asili cha maji ya kutupwa kilichokuja na mashine, na ukague kama hakijaziba. Kisha washa, uitazame geji. Ikipanda karibu na 60 na maji safi yakarudi kasi, mtungi ukajaa kwa saa mbili na nusu hivi, tatizo lilikuwa chujio. Ikibaki 30 na vichujio ni vipya, shuku pampu: ama kiwambo chake cha mpira kimechoka, ama ile chaja yake haitoi volti zake sawasawa, jambo la kawaida mtaa ambao stima yake inayumba. Badilisha hiyo, usiuguse utando. Lakini geji ikisoma 60 au zaidi na maji bado yanadondoka taratibu, hapo utando umeziba, na kwa kisima cha matumbawe kilichobanwa mrija, najua umezibwa na nini.

Umewahi kutazama ndani ya birika la chai lililochemsha maji ya kisima mwaka mzima? Ule ukoko mweupe ndio huo huo. Niliwahi kupasua kwa msumeno utando wa mteja aliyefanya kama wewe. Ndani ni kama mkeka uliosokotwa kuzunguka kibomba chenye matundu. Upande ambao maji huingilia ulikuwa safi, ngozi inang'aa. Nilipoukunjua kuelekea upande wa kutokea, vidole vilianza kukwaruza, na mwishoni kabisa ulikuwa kama msasa, punje za chokaa zimeshika kwenye wavu. Chokaa huanza mwishoni kwa sababu ndipo maji yanapokuwa mazito kuliko kote. Kadiri unavyobana ndivyo yanavyokuwa mazito, na yakishazidiwa kuibeba chokaa, huiacha pale pale.

Chokaa ikiwa bado changa huondoka kwa ndimu ya unga, ile ile ya dukani. Yeyusha gramu 20 katika kila lita ya maji safi ya RO, uwe na lita tano au sita kwenye ndoo safi. Toa vichujio vya tope na mkaa ndani ya makopo yao, weka mrija wa kuingiza maji ndani ya ndoo, na mrija wa maji ya kutupwa urudi kwenye ndoo hiyo hiyo. Mrija wa maji safi uelekeze kwenye sinki. Kama mashine ina valvu ya kusuuza inayokipita kibanio, ifungue, maana unataka maji yapite kwa wingi bila presha kubwa. Izungushe nusu saa, izime ikae nusu saa, kisha izungushe tena. Ukiona vipovu na maji yanageuka mawingu, chokaa inatoka. Baada ya hapo suuza kwa maji ya kawaida, vichujio vikiwa vimerudi, na umwage yote ya saa nzima ya kwanza. Jambo moja nalisisitiza: ndimu na jiki visikutane kamwe, si kwenye ndoo, si ndani ya kopo ambalo halijasuuzwa. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na jiko dogo lililofungwa madirisha si mahali pa kuivuta.

Baada ya haya yote ndipo uhukumu. Mashine iende nusu saa, pima maji yanayoingia na yanayotoka kwenye utando. Toa, gawa kwa yanayoingia, zidisha kwa mia. Ilipokuwa mpya ulipata asilimia 97 (1,150 ukitoa 31). Ukipata 95 au zaidi, yaani maji yasiyozidi 57, utando wako ni mzima, endelea nao. Kati ya 90 na 95 unaweza kuishi nao kwa diskasi, ukijua safari yake inakaribia mwisho. Chini ya 90, presha ikiwa nzuri, basi aliyekuuzia alikuwa sahihi, nunua mwingine, na mpya usiutese kama wa kwanza.

Kuna kifo kingine cha utando ambacho hakifanani na chako lakini kinakunyemelea kila maji ya mfereji yanapokuja. Ngozi ya utando wa siku hizi ni poliamidi, aina ya plastiki, na klorini huila. Mkaa ndio mlinzi wake pekee. Mteja wangu mmoja wa Nyali alioshewa tangi la paa kwa jiki, likajazwa siku hiyo hiyo bila kusuuzwa vizuri, na mkaa wa mashine yake ulikuwa umechoka. Baada ya wiki mbili akanipigia kwa furaha kwamba mashine imepata nguvu, maji yanatoka kwa kasi kuliko ilipokuwa mpya. Nilipofika, TDS yalikuwa yamepita 300. Hiyo ndiyo alama yake: utando ulioziba hupunguza maji, utando ulioliwa na klorini huongeza maji na chumvi kwa pamoja, na huo hakuna ndimu wala dawa itakayoufufua. Kwa hiyo kila maji ya mfereji yanapoingia, chota maji ya kutupwa kwenye gilasi na uyapime kwa kile kipimo cha matone kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea, ambacho huonyesha umanjano klorini ikiwepo. Nasema maji ya kutupwa kwa sababu ndiyo yaliyopita kwenye mkaa na kuugusa utando. Ukiona umanjano hata hafifu, zima mashine, badilisha mkaa. Na watu wa nyumbani wajue: wakitia dawa ya klorini kwenye tangi la juu, wakuambie kabla.

Umeuliza kila baada ya muda gani. Kwa maji yako ningesema chujio la tope kila miezi miwili hadi mitatu, la mkaa kila miezi sita, na utando ukitunzwa ufike miaka miwili, pengine zaidi. Lakini kalenda ni kwa mtu asiyepima. Chukua daftari dogo, ulifunge kwa kamba kando ya mashine pamoja na kalamu. Kila unapotengeneza maji andika tarehe, TDS ya kisima, TDS ya utando baada ya nusu saa, presha, na dakika za kujaza lita moja. Pima saa ile ile, kwa sababu tangi jeusi la paa saa nane mchana wa kaskazi lina maji ya moto, na maji ya moto hupita kwa wingi zaidi na hupitisha chumvi zaidi. Namba ya saa nane mchana ukiilinganisha na ya alfajiri utadhani mashine imebadilika ilhali ni jua. Presha ikishuka psi 10 chini ya ilivyokuwa vichujio vilipokuwa vipya, badilisha la tope hata kama wiki mbili tu zimepita. Baada ya mvua kubwa kisima kikichafuka itatokea.

Najua kilichokufanya ubane ule mrija, na si jambo dogo. Kwa chumvi ya kisima chako mimi ningeenda hata mara nne: lita 20 safi, lita 80 za kutupwa. Katika mji ambao maji ni ya kungojea, kumwaga mitungi minne kunauma. Basi usiyamwage. Yana TDS ya kama 1,440, hayazidi kisima chenyewe kwa mengi. Yaelekeze kwenye pipa: ya kudekia, ya choo, ya kuoshea baraza. Mnazi hausumbuliwi nayo. Mchicha na maua ya vyungu usiyape, chumvi itajikusanya kwenye udongo na kuyaunguza. Na masika ikifika, usilale. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na manyunyu ya mwanzo yana TDS ndogo mno. Yakikaa kwenye pipa lililofunikwa, yakapita kwenye mkaa, yanaweza kuchukua nafasi ya RO kwa wiki nyingi, na utando ukapumzika.

Ukiupumzisha, usiuache ukauke. Utando uliokwisha kulowa ukikauka haurudi kama ulivyokuwa. Iwashe mashine kidogo kila wiki, au ikiwa ni miezi, utoe utando, uutie kwenye mfuko safi wenye maji ya RO, uufunge, uuweke kwenye friji sehemu isiyogandisha. Ukiurudisha, ule upande wenye oringi mbili ndogo unaingia kwanza, hadi uusikie umekaa, na upande wenye mpira mpana mmoja unabaki mlangoni. Nimeitwa nyumba zaidi ya moja kwa ajili ya utando "mbovu" ambao ulikuwa haujasukumwa sentimita moja ya mwisho.

Pima samaki usiku huu. Kesho badilisha vichujio viwili, vua valvu, vua resini, uwashe. Kisha niandikie namba tatu: presha, TDS ya utando baada ya nusu saa, na dakika za lita moja. Mpaka nizione hizo, pesa ya utando ikae mfukoni.